Kempavani ya kukodi: "bima imo katika bei" maana yake nini?

SWALI: Mimi na mke wangu tunatarajia kukodi kempavani, lile gari lenye kitanda na jiko ndani, kwa wiki mbili. Tangazo la kampuni linasema bima imo katika bei. Hata hivyo tumeelezwa kwamba siku ya kuchukua gari watazuia kiasi kikubwa cha fedha kwenye kadi yangu, na kwamba tukitaka kiasi hicho kipungue tulipie "kinga kamili" kwa kila siku ya safari. Benki yangu nayo inasema kadi hiyohiyo ina bima ya magari ya kukodi. Ikiwa bima imo, fedha zinazuiwa kwa sababu gani? Je, hatulipii kitu kimoja mara mbili?

JIBU: Hamlipii kitu kimoja mara mbili. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni kwamba mnaweza kulipa mara mbili kweli, kwa vitu viwili tofauti, na hasara iliyo rahisi kutokea kuliko zote ikawa haimo katika chochote mlicholipia. Neno "bima" ulilosomewa linabeba mambo yasiyofanana, na ni vyema tuyatenganishe kwanza.

La kwanza ni dhima kwa mtu wa tatu, yaani fidia ya watu mtakaowaumiza au mali yao mtakayoiharibu barabarani. Nchi nyingi zinailazimisha kwa sheria (Uingereza ilianza mwaka 1930), na tangazo linaposema bima imo, kwa uhakika linazungumzia hiyo. Uliza tu kikomo cha fidia ya mali ni kiasi gani, kisha tuendelee.

La pili ni uharibifu wa gari lenyewe, na hapa ndipo penye jibu la swali lako. Mara nyingi kinachoitwa bima katika sehemu hii ya mkataba ni ahadi ya mwenye gari kwamba hatakudai gharama za matengenezo kupita kiasi fulani, ilimradi umetimiza masharti yake. Kiasi hicho, ambacho mimi hukiita kiwango cha kujibebea, ni sehemu ya hasara inayobaki mabegani mwako, na fedha zinazozuiwa kwenye kadi ndizo dhamana yake. Tuseme kiwango chenu ni 3,000 kwa fedha yoyote mtakayotumia. Mkikwaruza mlango na matengenezo yakagharimu 800, mtalipa 800 zote. Mkigonga nguzo na hasara ikafika 9,000, mtalipa 3,000 na zilizobaki zitabebwa na kampuni. Lakini soma iwapo kiwango hicho kinahesabiwa kwa kila tukio au kwa safari nzima, kwa sababu kikiwa cha kila tukio, na mambo hayo mawili yakatokea ndani ya wiki zilezile mbili, mtadaiwa 3,800. Kumbuka pia kwamba katika mikataba mingi mnalipa hata kama kosa si lenu, kisha mnasubiri kampuni ipate fidia kutoka upande wa pili ndipo mrudishiwe.

Kwa kuwa ni ahadi yenye masharti, ukivunja sharti moja ahadi nzima huanguka, na hapo hudaiwi 3,000 tena bali thamani yote ya uharibifu. Dereva ambaye jina lake halikuandikwa katika mkataba akishika usukani hata kwa dakika kumi za kukupumzisha, umevunja sharti. Leseni isiyolingana na uzito wa gari ni hivyo hivyo: leseni ya kawaida ya daraja B katika nchi nyingi za Ulaya kwa muda mrefu imekuwa na kikomo cha kilo 3,500 kwa uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari, na kempavani kubwa zikijazwa maji, mizigo na baiskeli huukaribia au kuupita. Barabara nazo zina vifungu vyake. Nchini Iceland mikataba mingi hukataza kuvuka mito kwa gari na kuacha nje hasara ya injini iliyoingia maji, na kinga dhidi ya mchanga na majivu yanayopeperushwa na upepo huuzwa peke yake. Kwingineko barabara za vumbi hazimo kabisa, au zimo kwa umbali mfupi tu unaotosha kufika uwanja wa kambi.

Sasa hiyo "kinga kamili". Kazi yake kubwa ni kupunguza kiwango cha kujibebea, pengine hadi sifuri. Haifanyi hasara iliyotengwa na mkataba iwe imo. Kwa kempavani orodha ya vilivyotengwa ina uzito kuliko kwa gari dogo, kwa sababu gari hili ni refu, pana, na lina nyumba ndani yake. Katika kazi yangu ya kukadiria hasara niliwahi kukagua gari la mume na mke waliolipia kinga ya daraja la juu kabisa. Waliingia katika maegesho yenye dari, boriti ikang'oa kifuniko cha tundu la hewa kilichokuwa juu ya kitanda na kuchana paa kiasi cha urefu wa mkono. Usiku ule mvua ikanyesha, na godoro, mbao za kabati na nyaya za taa zikalowa zote. Kifungu kilichowakwamisha kilikuwa na mstari mmoja: uharibifu wowote ulio juu ya ukingo wa juu wa kioo cha mbele haumo, kinga iwe ya daraja lolote. Karibu na usukani palikuwa na kibandiko chenye urefu wa gari kwenda juu, mita 2.9, na kwenye lango la maegesho palikuwa na kibao cha mita 2.5. Walilipa kila kitu, pamoja na siku ambazo gari lilikuwa gereji bila kukodishwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua kinga hiyo, wekeni kidole kwenye maneno paa, uvungu, tairi, kioo cha mbele, turubai la kivuli na kupinduka kwa gari, na muulize kwa kila neno moja: hili limo au limetengwa? Ulizeni pia kuhusu matangi. Ubavuni mwa kempavani mdomo wa tangi la mafuta na ule wa tangi la maji safi huweza kuwa karibu sana, na kila anayefanya kazi hii amewahi kuona dizeli katika maji ya kunywa au maji katika dizeli. Kusafisha mfumo mzima ni gharama kubwa, na karibu mikataba yote huihesabu kuwa uzembe wa mteja.

Kuhusu kadi ya benki, tafadhali usiitegemee kabla ya kusoma masharti yake, kwa sababu bima nyingi za kadi zinahusu magari ya kawaida ya abiria na zinayataja magari ya kulala, au magari yanayozidi uzito fulani, kuwa yametengwa. Hata pale zinapoyakubali, kwa kawaida hutaka gharama yote ya kukodi ilipwe kwa kadi hiyo na mteja awe ameikataa kinga ya kampuni, sharti ambalo linaweza kukufanya upoteze haki yako kwa kusaini karatasi usiyoihitaji. Iandikie kampuni inayotoa bima ya kadi, taja aina ya gari, uzito wake na idadi ya siku, na upate jibu kwa maandishi.

Iko njia nyingine ambayo hukuitaja: bima inayouzwa na kampuni za bima zisizo na uhusiano na mwenye gari, kwa ajili ya kukurudishia kile kiwango cha kujibebea. Mara nyingi ni nafuu kuliko kinga inayouzwa na kampuni ya kukodisha, na baadhi yake hufidia hata paa na uvungu. Upungufu wake ni kwamba fedha zitazuiwa kwenye kadi kama kawaida, na hasara ikitokea mtalipa kwanza, kisha mtadai mkiwa na mkataba, taarifa ya tukio, ankara ya matengenezo na ushahidi wa malipo. Kama kadi yenu inaweza kustahimili kuzuiwa kwa kiasi hicho safari nzima, na hati ya bima inaitaja kempavani waziwazi, mimi ningechagua njia hii. Kama haiwezi, lipieni kinga ya kampuni, mkijua kwa jina vilivyobaki nje.

Mali zenu ndani ya gari na matibabu yenu ni suala la bima ya safari, tofauti kabisa na haya yote.

Siku ya kupokea gari, pigeni picha pande zote nne, pandeni ngazi mpige paa, inameni mpige uvungu, na kila mkwaruzo uandikwe kwenye fomu kabla ya kusaini. Ajali ikitokea, pateni taarifa ya polisi na mpigie kampuni simu ndani ya muda ulioandikwa, ambao mara nyingi ni saa 24, na msikubali kosa kwa maandishi mbele ya mtu yeyote. Siku ya kurudisha, fikeni wakati ofisi iko wazi. Mkiliacha gari usiku na kutumbukiza funguo katika kisanduku, mikataba mingi huwahesabu ninyi kuwa wenye dhamana hadi mfanyakazi atakapolikagua asubuhi, na mkwaruzo wa usiku huo utakuwa wenu.