Kuhamia nyumba ya vyumba viwili ndani ya jengo lile lile

Dada, kama mtoto wa pili yuko njiani, usingoje azaliwe ndipo uombe. Kwa kanuni za HUD, wizara ya makazi ya Marekani, aliye tumboni huhesabiwa kama mmoja wa familia. Mwandikie meneja wa jengo sasa, uliza kama wana orodha ya uhamisho wa ndani, na ubaki na nakala yenye tarehe. Maneno ya mdomo pale ofisini husahaulika haraka sana.

Kwa kuwa jengo lenu huko Columbus ni la ule mpango wa Marekani wa 1986 unaowapa wajenzi punguzo la kodi ya mapato, kuhama ndani ya jengo hilo hilo hakudai upimwe kipato upya kwa sheria ya shirikisho. Nyumba unayotoka na unayoingia hubadilishana hadhi tu ndani ya mpango huo. Meneja anaweza kutaka karatasi hata hivyo. Kinachoshtua wengi ni pango: kikomo chake hufuata idadi ya vyumba, si mshahara wako, kwa hiyo kitapanda. Ukiwa na vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia pango, waone kwanza waliokupa vocha kabla hujasaini chochote.