Swali la lugha: gabioni, vizimba au matundu ya mawe?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya barabara ya kijiji, Lushoto. Mafundi wanajenga ukuta wa visanduku vya waya vilivyojaa mawe chini ya mteremko. Katika taarifa niliandika "magabioni", mwenzangu akaweka "matundu ya mawe". Lipi sahihi? Tena, tuseme ukuta unazuia mmomonyoko au maporomoko?

Jibu: Andika gabioni, katika ngeli ya I-ZI: gabioni hii imefungwa, gabioni hizi zimefungwa. "Magabioni" ya mafundi yanafaa kwenye mazungumzo, si kwenye taarifa.

"Matundu" liacheni kabisa. Tundu ni kweli la ndege, lakini ni uwazi pia, na waya wenyewe umejaa matundu. Mtaiandikaje basi kanuni ya kwanza ya kazi hii, kwamba jiwe liwe kubwa kuliko tundu la waya, lisije likapenya likatoka? Kwa wanakijiji wasiolijua gabioni, semeni vizimba vya mawe. Wavuvi wa Ziwa Victoria wana vizimba vya samaki, na picha inaeleweka mara moja.

Gabioni ni kizimba kimoja, mara nyingi mita 2 kwa 1 kwa 1. Vikishaunganishwa kwa waya ndipo tunapata ukuta wa gabioni. Kwa hiyo "gabioni ya mita 40" si sahihi. Ukuta ndio wenye mita 40.

Kitenzi nacho kina uzito. Nimeona taarifa zikisema mawe "yamemwagwa". Mawe ya gabioni hupangwa, hasa upande wa mbele, kwa mkono, moja likishika jingine. Yakimwagwa ovyo huacha mianya, kisha hushuka na kizimba kikavimba. Anayesoma "kumwaga" atamwaga.

Mmomonyoko ni udongo kuliwa na maji kidogo kidogo. Maporomoko ni mlima kushuka kwa mkupuo, kama tope lililoifunika Katesh, Hanang, Desemba 2023. Gabioni zilizokingama korongoni hupunguza kasi ya maji, na hapo "kuzuia mmomonyoko" ndilo neno. Ukuta wenu unashikilia mteremko, basi andikeni "ukuta wa gabioni wa kuzuia udongo usishuke barabarani". "Kuzuia maporomoko" ni ahadi kubwa mno. Tope la namna ya Katesh halizuiwi na ukuta kama huo.

Na mkaguzi akiandika kwamba ukuta "unavuja", mrekebisheni: unapitisha maji. Ndivyo ulivyokusudiwa, maji yasijikusanye nyuma yake yakausukuma.