Umepangiwa mwaloni alafu wavuvi wanakukimbia

Mdogo wangu, umesema umepata kazi ya kuelimisha wavuvi huko Kalangala, visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, na kila ukifika mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, watu wanatawanyika. Hawakukimbii wewe, wanaikimbia hiyo fulana yenye nembo, tangu wanajeshi waingie ziwani 2017 kuzuia uvuvi haramu mtu yeyote mwenye daftari anaonekana amekuja kuchoma nyavu. Ivue kwanza.

Mimi wiki mbili za mwanzo sikufundisha kitu, naenda alfajiri boti zikirudi, nakunywa chai kwa mama wa chapati naangalia sangara wakipimwa, nikiona wa chini ya sentimita 50, ambaye haruhusiwi kuvuliwa, nakaa kimya, ndio ni ngumu lakini kaa kimya tu kwanza. Alafu anza na kina mama wa mukene, yaani dagaa, maana kwenye kuanika hakuna kesi. Wengi wanaanika mchangani, na yenye mchanga inaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Sisi tulifunga chanja moja ya miti na wavu mkuukuu, tukaanika beseni moja juu lingine chini, jioni mama mmoja akatafuna ya juu, ya chini akaitema, kesho yake wanauliza misumari inauzwa wapi.

Ya saizi za nyavu waliuliza wenyewe baadaye. Mwenyekiti wa mwalo usimruke, atakuchongea. Na jifunze Kiganda hata cha salamu, Kiswahili wanakielewa ila wengine kinawakumbusha askari. Kwenye boti vaa jaketi la kuokolea, waache wacheke.