Maswali ya Wasomaji: Kupinga VAT Mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru

Swali: Wakala wa forodha akikadiriwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa pesa zote zilizoingia benki, hata za wateja za kulipia bandari, na pingamizi lake likajibiwa kwa mstari mmoja tu, "limekataliwa", ana haki gani? *Msomaji, Kilindini*

Jibu: Kifungu cha 51 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya Kenya ya 2015 kinamtaka Kamishna wa mamlaka ya ushuru, KRA, aeleze katika uamuzi wake aliyoyabaini na sababu zake. Katiba nayo, kifungu cha 47, inadai sababu kwa maandishi. Jibu tupu basi lina kasoro, na kasoro hiyo iandikwe kama hoja yake yenyewe katika rufaa.

Ila usiitegemee peke yake. Jopo likikubaliana nawe kwa hilo tu, laweza kumrudishia Kamishna aamue upya, nawe ukajikuta pale pale. Tena, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamekosewa ni wako.

Kazi kubwa iko kwenye makaratasi. Kila shehena iwe na faili: hati ya forodha yenye jina na PIN (namba ya ushuru) ya mteja, risiti za malipo ya bandari na za kampuni ya meli, na ankara ya ada yako. Kisha tengeneza jedwali: pesa iliingia lini, kiasi gani, ya shehena ipi, imetoka kwenda wapi, imebaki ngapi. Kilichobaki ndicho ada, na hicho ndicho cha kutozwa VAT. Wengi huangushwa na risiti zilizotoka kwa jina la wakala badala ya mteja, au ankara moja iliyochanganya ada na gharama za mteja. Hapo hata wakala mkweli huonekana kama anayeficha mapato.

Notisi ya rufaa hupelekwa ndani ya siku 30 tangu upokee uamuzi, kwa ada ya shilingi 20,000, na nakala imfikie Kamishna ndani ya siku 2. Hoja za rufaa, maelezo ya ukweli wa mambo na nakala ya uamuzi hufuata ndani ya siku 14. Hoja usiyoiandika hutaruhusiwa kuizungumza bila idhini ya Jopo. Na ushuru usioupinga uwe umelipwa, au mmepatana jinsi ya kuulipa.

Swali: Siku 60 zikipita bila jibu la pingamizi?

Jibu: Huhesabiwa limekubaliwa, mradi lilikuwa halali. Likiwa na upungufu, Kamishna ana siku 14 za kukuarifu kwa maandishi. Hifadhi stakabadhi ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, yenye tarehe, maana ubishi wote huzunguka hapo. Uamuzi ukikufikia siku ya 61, kata rufaa vilevile. Ukinyamaza, notisi ya kukamata pesa zako yaweza kutua benki.

Swali: Nimechelewa kwa sababu ya maradhi. Basi tena?

Jibu: Bado. Sheria inaruhusu kuongezewa muda kwa ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya maana. Ambatisha cheti cha hospitali chenye tarehe zinazolingana na siku ulizochelewa, pamoja na rasimu ya rufaa yenyewe, ili Jopo lione una hoja. "Mhasibu alisahau" mara nyingi haitoshi.