Dawa Ikishaingia Mwilini, Kazi Ndiyo Inaanza

"Una mzio na dawa yoyote?"

"Hapana, sista."

Mazungumzo ya sekunde tatu. Nikaandika "hakuna" kwenye chati, nikamsukumia ampisilini taratibu kwenye mshipa, nikasogeza troli kitanda cha pili. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, zamu ya usiku, wodi imejaa, na nilijiona hodari kwa kuwa dawa za saa sita nilikuwa nazimaliza kabla ya wenzangu.

Sijamaliza hata kuchanganya dawa ya yule wa pili, mgonjwa wa jirani akaniita: "Sista, huyu anajikuna sana." Nikageuka. Anajikuna viganja, anasafisha koo mara kwa mara kama mtu anayetaka kuhutubia, na aliponijibu sauti ilikuwa imekauka. Midomo imeanza kujaa. Nikapiga kelele ya kumwita daktari huku nikimlaza chali. Adrenalini nusu miligramu kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Miguu juu, oksijeni, dripu ikaachiwa ikimbie. Baada ya dakika tano, dozi ya pili. Akapona.

Asubuhi alinisimulia kwamba miaka ya nyuma alichomwa penisilini, ndugu wa ampisilini, akavimba uso mzima. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli: "Wewe uliniuliza mzio, sista. Mimi nilivimba kwa sindano."

Tangu siku hiyo neno "mzio" silitumii peke yake. Nauliza: kuna dawa iliyowahi kukutoa vipele? Kukuvimbisha midomo? Kukubana kifua? Kuna sindano uliyoambiwa usichomwe tena? Swali moja linakuwa manne, na dakika moja inapotea. Ipotee tu.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni kingine. Zile "sahihi tano" tulizokaririshwa chuoni, yaani mgonjwa, dawa, dozi, njia na muda, usiku ule zote zilikuwa sawa. Hakuna niliyokosea. Sahihi tano zinakufikisha kwenye ncha ya sindano na kukuacha hapo. Kwa hiyo nikajiongezea swali ninalojiuliza kabla sijagusa kanula, kile kibomba cha mshipani: dawa hii ikigeuka, itaanza kuonyesha nini, baada ya muda gani, na mimi nitakuwa wapi? Dawa ya mshipani kwa mara ya kwanza, kwangu maana yake ni kwamba dakika za mwanzo siondoki kitandani. Napanga mito, napima presha, napiga soga. Macho yako kwake.

Nikupe mfano wa magnesiamu salfeti, kwa sababu ndiyo dawa iliyonifundisha kufuatilia. Inamwokoa mama mwenye kifafa cha mimba, na ikizidi inamzimia pumzi. Kabla ya kila dozi naangalia mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita, na goti lijibu. Mkojo una sababu yake: dawa hii hutolewa na figo, kwa hiyo mfuko mkavu maana yake dawa inalundikana. Goti nalo hunyamaza kabla pumzi hazijaanza kupungua, ndiyo maana nalipenda kuliko mashine yoyote. Mguu ulegee, gonga chini kidogo ya pia ya goti, tazama kama unaruka. Usiporuka, dozi haiendi, daktari anaitwa. Na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuikinza magnesiamu ikizidi, iwe karibu na kitanda tangu mwanzo. Ikiwa kabatini, kabati limefungwa na ufunguo yuko nao mtu aliyekwenda kunywa maji, hesabu kwamba huna.

Morfini, ile ya maumivu makali: hesabu pumzi kwa dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kosa lako nalo linazidishwa kwa nne. Na usifurahie mgonjwa "aliyelala vizuri" hadi umwite jina akaitika, maana usingizi mzito hutangulia pumzi kupungua. Insulini ya haraka: ione sahani kwanza. Chakula kikichelewa baada ya sindano, sukari inashuka, na jasho jembamba na maneno yasiyoeleweka vitakuja kukutafuta. Na tafadhali andika neno "uniti" kwa ukamilifu. Herufi U iliyoandikwa vibaya imeshasomwa kama sifuri, na uniti 4 zikawa 40.

Jina nalo usimtajie. "Wewe ndiye fulani?" Mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote. Mwulize anaitwa nani, kisha linganisha na chati.

Kuhusu kuandika sina mengi: saini baada ya kutoa, kamwe si kabla.

Jambo gumu ni kusema. Usiku ule ningeweza kuandika "mgonjwa alibadilika hali" nikanyamaza. Wapo waliofanya hivyo, na siwalaumu sana, kwani kuna viongozi ambao ukiripoti kitu cha kwanza wanachotafuta ni shingo. Hata hivyo fomu ya madhara ya dawa haiulizi nani mkosaji. Mpango wa WHO wa kufuatilia madhara ya dawa ulianza mwaka 1968, baada ya thalidomaidi, dawa waliyomeza wajawazito, kuacha maelfu ya watoto wakizaliwa na viungo pungufu. Madhara yale yalianza kugunduliwa na wahudumu walioona jambo lisilo la kawaida na wakathubutu kulisema. Jaza fomu hata kama huna uhakika kuwa ni dawa. Shaka inatosha.

Siku hizi kwenye makabidhiano sisemi "ameshapata dawa zote." Nasema ninachosubiri. Juzi nilimwambia mdogo wangu wa zamu ya asubuhi: kitanda cha nne amepata morfini dakika kumi zilizopita, pumzi zilikuwa 14, sijarudi kuzihesabu. Akaweka mkoba wake chini, akaangalia saa ya ukutani, akaenda kitanda cha nne kabla hata sijafika cha tano.