Maswali Yenu: Mbona Panya Hurudi Njia Ile Ile?

Nina duka la nafaka Langoni, Lamu. Nikinasa panya, siku chache baadaye mwingine anapita ukuta ule ule. Jirani asema wanaachiana habari kwa mkojo. Ni kweli? Nifanyeje?
*Mama Muuza Mchele, Langoni*

Jirani yako amesema kweli, mama. Mkojo wa panya mdogo wa nyumbani umejaa protini, na kila protini hushika chembe za harufu na kuziachia kidogo kidogo. Ndiyo maana alama huendelea kunukia hata baada ya kukauka. Mchanganyiko wa protini hizo hutofautiana baina ya panya na panya, kwa hiyo anayepita hujua ni nani aliyetangulia na kama ni dume au jike. Dume mwenye eneo lake hutawanya vitone kila mahali. Aliyeshindwa hukojoa vidimbwi vichache pembeni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walieleza protini moja ya mkojo wa dume waliyoiita darcin. Jike akiigusa kwa pua, huikumbuka harufu ya dume yule na mahali alipoikuta, na hupenda kurudi hapo. Protini hizi haziruki hewani. Huingia kwenye kiungo cha pekee kilichomo puani, chini kabisa, na ndiyo sababu panya huinamisha pua mpaka iguse ukuta.

Panya mkubwa wa darini huongeza mafuta ya manyoya yake. Akipita kila usiku, huacha mstari mweusi kando ya ukuta na pale boriti zinapoingia ukutani.

Sasa kazi yenyewe. Wengi huosha duka kwanza, halafu hutega, na hapo ndipo wanapokosea: wamefuta ramani waliyokuwa wakiihitaji. Wewe tega kwanza. Mtego wa kubana uweke juu ya mstari huo, ukiwa umeupa ukuta kichwa, upande wa chambo ukikaribia kuugusa. Kipande cha nazi iliyochomwa au papa mkavu, kisichozidi punje ya kunde, kinatosha. Kifunge kwa uzi kisinyakuliwe. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni, kwa hiyo muwekee chambo siku 3 au 4 mtego ukiwa haujategwa, kisha ndipo uutege. Yule mdogo ni mdadisi, unaweza kumtega usiku huo huo. Mtego ulionasa usiusugue kwa sabuni ya manukato, maana harufu ya panya iliyobaki juu yake huvuta wenzake. Glavu vaa, lakini ni kwa afya yako. Panya anayeishi na watu ameshazoea harufu yao.

Zikipita siku kadhaa bila kunasa wala kuona mavi mapya, osha. Usifagie makavu, vumbi lake utalivuta puani. Fungua madirisha, lowesha mavi na mkojo kwa maji ya klorini (kikombe 1 cha dawa ya kung'arishia nguo kwa vikombe 9 vya maji), acha dakika 5 hadi 10, futa kwa tambara na ulitupe. Mistari ya mafuta haitoki kwa klorini. Isugue baadaye kwa maji moto na sabuni. Klorini usiichanganye na siki kabisa, hutoa gesi ya sumu. Ukuta wa matumbawe hunyonya mkojo ndani, kwa hiyo ukishakauka upake chokaa upya. Ziba matundu pia: upenyo wa milimita 6 unamtosha panya mdogo. Shindilia waya wa kusugulia sufuria, kisha saruji juu yake. Usidharau hatua ya kuosha, kwani mkojo huo hubeba vijidudu vya leptospira, vilivyoleta homa ya mgunda huko Lindi, Tanzania, mwaka 2022.

Panya wa kwangu Muyeye, Malindi, walikula sumu, mmoja akafa, na sasa hawaigusi. Je, marehemu aliwaonya kwa harufu?
*Baba wa Watoto Watatu*

Hapana, ndugu. Habari za chakula husafiri kwa pumzi, na huwa ni habari njema tu. Pumzi ya panya ina kaboni disalfidi. Mwenzake akinusa gesi hiyo pamoja na harufu ya chakula, hukihesabu kuwa cha kuliwa. Majaribio ya Bennett Galef nchini Kanada yalionyesha kuwa hata panya aliyeugua baada ya kula hamfanyi mwenzake akikwepe chakula kile.

Wanaosusa ni wale walioonja wenyewe. Panya hawezi kutapika, basi huonja kidogo. Sumu ya haraka ikimuumiza bila kumuua, hakigusi tena chakula hicho. Sumu za kuzuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, naye hajui kilichomdhuru. Hata hivyo, nyumba yenye watoto na paka hatuishauri: paka au bundi akimla panya huyo naye hudhurika, na mzoga huozea ndani ya makuti usikofika mkono. Badilisha chakula, kiweke bila sumu siku 3 hadi 5 wapashane habari kwa pumzi, kisha kitie kwenye mitego mingi usiku mmoja.

Kuna kipanya chenye pua ndefu, kinanuka sana. Paka alikiua akakiacha. Harufu yake inafukuza panya?
*Mwanafunzi, Malindi*

Huyo ni kirukanjia, wala si jamii ya panya. Hana meno ya kuguguna, hula wadudu. Harufu hutoka kwenye tezi za ubavuni, na paka wengi humuua wasimle. Usimtegemee kufukuza panya. Akiingia kabatini, acha mlango wazi jioni atoke, kisha uwamalize mende, maana ndio anaowafuata.