Kabla Hujanunua Mashine ya Gemu, Uliza Nani Anaitolea Gemu

Vijana wanaotaka kufungua banda la gemu huniuliza mashine ipi ina nguvu zaidi. Mimi huwarudisha kwenye swali lingine: kampuni nyingine zinazotengeneza gemu zinaelewana vipi na mwenye mashine hiyo? Swali hilo nimelilipia.

Nilipoanza nilinunua mashine mbili za aina moja, mpya kabisa, picha safi. Gemu ya mpira ya msimu ule ilikuwepo. Msimu uliofuata haikutoka kwa mashine ile. Kijana mmoja, mteja wangu wa kila jioni, alifungua kikosi cha timu yake akamkuta mshambuliaji aliyehama tangu Julai bado yumo, na jezi ya mwaka jana. Akaiweka pedi mezani taratibu, akaenda banda la jirani. Wenzake wakamfuata wiki ileile.

Ndipo nikaanza kusoma, na kumbe ugomvi huu ni wa siku nyingi. Soko la gemu la Marekani lilianguka mwaka 1983, na gemu mbovu zilizojaa madukani zilichangia. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipoingia huko na mashine yake ya NES mwaka 1985, ikaweka chipu ya kukataa kaseti ya gemu isiyo na idhini. Yakafuata masharti: kampuni isizidishe gemu 5 kwa mwaka, gemu isipelekwe kwenye mashine nyingine kwa miaka miwili, na kaseti atengeneze Nintendo mwenyewe, zilipiwe kabla hujauza hata moja. Zikidoda, hasara yako. Konami, kampuni mojawapo ya kutengeneza gemu, ikafikia kutumia jina la pili, Ultra Games, ili ipate nafasi ya gemu zaidi. Kulinda ubora ilikuwa haki yao kabisa. Kosa ni kumtwisha mwenzako hasara yote. Sony walipoleta PlayStation ya CD, yenye nafasi kubwa na gharama ndogo, watengeneza gemu Square wakahamia huko: gemu yao Final Fantasy VII ikatoka mwaka 1997 kwa CD tatu, huku Nintendo 64 ikiwa bado na kaseti.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Dreamcast, mashine ya kampuni ya Sega, kwa sababu kinahusu mpira. Kampuni ya EA ndiyo iliyokuwa na FIFA, gemu ya mpira wa miguu, na Madden, gemu ya mpira wa Kimarekani. Bernie Stolar, aliyeongoza Sega ya Marekani, alieleza baadaye kwamba EA ilitaka gemu za michezo kwenye Dreamcast ziwe zake peke yake, na Sega ilikuwa imeshanunua studio ya Visual Concepts ili itengeneze za kwao. Hakuna aliyelegeza. Dreamcast ikaingia Marekani Septemba 1999 bila FIFA wala Madden. NFL 2K, gemu ya Sega ya mpira wa Kimarekani, ilikuwa nzuri kweli, lakini aliyezoea Madden alikuwa anataka Madden. Mwaka 2000 PlayStation 2 ikaja, na mwaka 2001 Sega ikaacha kutengeneza mashine. Madeni nayo yaliiumiza, sisemi ni EA tu.

Hapo ndipo penye kidonda. Mwenye mashine ni kama mwenye soko: anakutoza ushuru, na yeye mwenyewe ana meza ya bidhaa zilezile mbele yako. Naye mwenye bidhaa inayopendwa, kama EA, anajua soko halijai bila yeye, basi anadai kona nzima. Mashine zikiuzwa chache, kampuni inapiga hesabu ya wanunuzi na kuondoka. Ikiondoka, wanunuzi wanapungua tena.

Kwa hiyo usidanganyike na gemu za siku ya uzinduzi. Mwaka wa kwanza kampuni nyingi zinajaribu tu. Subiri msimu wa pili. Tafuta ile gemu moja inayokulipia kodi ya banda, uone kama imetoka kwa mashine hiyo miaka miwili mfululizo, tena toleo kamili, maana wakati mwingine huletwa lililopunguzwa likabaki na jina tu. Usipoiona, nunua iliyotumika ya aina ambayo mabanda ya jirani wanayo tayari. Mimi sasa ninazo nne za namna hiyo, na yule kijana wa jezi amerudi.